Saa ya Zuhura na Kadi Isiyo Yake

Dodoma, Jumamosi asubuhi

Kwa dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Najua umeutambua mwandiko kabla hujafungua bahasha, na huenda uliiweka kwanza juu ya kabati ukaendelea na kazi zako. Si kitu, mradi umeifungua. Habari za hapo Ujiji? Miguu bado inakuvimba wakati wa mvua? Na kifua cha mama mkwe wako kimetulia? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haina raha, na ndiyo maana naandika leo baada ya miaka mitatu ya kunyamaza kama mtu asiye na kwao.

Barua hii nampa Seifu, mhudumu wa behewa la daraja la pili katika treni ya Kigoma, akuletee mkononi. Posta ingechukua siku nyingi, na siku ndizo sina. Tafadhali isome yote hadi mwisho, hata ukifika mahali ukanikasirikia.

Dada, nataka kuoa. Mwanamke anaitwa Zuhura, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, mtoto wa hapa hapa mjini, wa zile koo za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Tulijuana mezani kwangu. Siku hizi natengeneza saa kwenye baraza ya Mzee Rajabu, fundi cherehani, yeye upande huu na mimi upande ule. Zuhura alileta saa ya mezani ya mama yake, nikamwambia arudi Alhamisi. Akarudi Jumatano kuniuliza kwa nini Alhamisi. Nikajua huyu ama tutaelewana ama tutauana.

Marehemu baba yake alikuwa na saa ya mkononi ya Uswisi. Zuhura anasema utotoni alikuwa akilala ameegemeza sikio kwenye mkono wa baba yake aisikie. Miaka ile ya dhiki, sabuni yenyewe kwa foleni, mzee akaugua na saa ikauzwa ipatikane dawa. Basi alipoulizwa mahari yake, hakutaja kitanda wala cherehani. Alisema msahafu, na saa ya mkononi ya Uswisi, mpya, ndani ya boksi lake. Mama yake akamwomba apunguze. Akajibu hapunguzi, siku hizi vitu vimefunguliwa, saa zinauzwa madukani kama vitumbua, anayemtaka atafute. Nikatafuta. Niliuza baiskeli na redio, nyama nikaisahau miezi minane, na hilo silalamikii.

Sasa sikia tatizo. Zuhura baba hana, babu hana, kaka hana. Walii wake ni baba yake mdogo, Mzee Hamisi, muuza vitambaa sokoni. Bila neno lake hakuna ndoa, na mimi na Mzee Hamisi tulikuwa na jambo kabla hata sijamjua Zuhura.

Mwaka jana Mzee Hamisi alirudi kutoka Dar es Salaam na saa ya dhahabu inang'aa mpaka inaumiza macho. Akaja mezani kwangu nimpunguzie mkanda, lakini mkanda haukuwa na shida, alitaka ionekane. Palikuwa na watu saba au wanane, wengine wametoka Chamwino, mmoja wa Kibakwe amebeba saa ya ukutani ya kanisa lao. Nikaipokea, nikaipima kiganjani, na mdomo wangu ukatangulia mbele yangu kama kawaida yake. Nikasema, "Mzee, hili ni bati limepakwa rangi. Cheti chake kiko wapi? Saa isiyo na cheti ni bati tu." Watu wakacheka. Yule wa Kibakwe akacheka kupita wote. Mzee Hamisi akaivaa saa yake, akaondoka, na mwezi haukuisha kabla ngozi ya mkono wake haijaota kijani. Nilikuwa nimesema kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Unaona ninakoelekea, dada. Lakini ngoja.

Saa ya Zuhura niliinunua katika duka jipya karibu na soko. Saa nzuri, ndogo, ya kike, dhahabu yenyewe. Ukiishika unajua. Mwenye duka akaniambia kadi ya garantii haijafika, inakuja na mzigo kutoka kwa wakala, nipite Jumatatu apige muhuri. Akanionyesha kibandiko chekundu nyuma ya saa akasema, "Hiki usikiguse mpaka kadi ije." Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia kadi awape wasiojua saa, mimi saa naisoma mwenyewe. Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Nikafika nyumbani. Nikafunga dirisha, nikanyunyiza maji sakafuni, maana vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye yai. Nikakaa na ile saa mbele yangu. Nikajiambia, Yahaya, unampelekea mwanamke kitu hujakiona ndani? Ikiwa nje dhahabu na ndani takataka? Nikakibandua kile kibandiko, nikafungua kifuniko. Dada, ilikuwa safi. Kila kijiwe cha mashine mahali pake, mafuta mapya, gurudumu dogo linakwenda na kurudi bila kusita. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Nikaifunga nikiwa na furaha, na kibandiko nikakitupa na takataka za kufagia.

Jumatatu mwenye duka akaigeuza saa, akaniuliza, "Kibandiko kiko wapi?" Nikamweleza. Akairudisha juu ya kaunta polepole. Akasema saa ikishafunguliwa na mtu wa nje wakala hatoi kadi, na kwamba aliniambia. Nikamwambia mimi si mtu wa nje, mimi ni fundi. Akasema, "Ndiyo mbaya zaidi. Fundi anaweza kutoa mashine nzuri akaweka mbovu. Nitajuaje?" Nilitamani kumrukia. Lakini lililonizuia ni kwamba ni kweli. Fundi saa anaweza. Nawajua wawili waliofanya.

Mahari ilikuwa imepangwa kupelekwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, na ndoa Ijumaa. Kwa mila ya hapa bwana harusi haendi, anakwenda mshenga na wazee wawili watatu. Mshenga wangu ni Mzee Rajabu. Nilimkabidhi sinia limefunikwa kitambaa cheupe, msahafu na boksi la saa juu yake, na habari ya kadi sikumwambia. Nilijidanganya hakuna atakayeuliza. Nikarudi mezani kwangu nikashika saa ya mtu, nikawa nafungua na kufunga skrubu ile ile.

Haikupita saa moja nikamwona Mzee Rajabu anarudi, na sinia mkononi, na kitambaa juu yake vile vile. Nyuma yake anatembea Mzee Hamisi. Watu walikuwa wamejaa barazani, siku ya mnada, wageni wengi. Mzee Hamisi akasimama pale pale aliposimama mwaka jana. Akafunua kitambaa, akatoa boksi, akaweka saa mbele yangu.

"Fundi," akasema, "cheti chake kiko wapi?"

Nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Cheti kiko wapi?"

Nikamwambia hakuna, lakini saa ni halali, naapa. Akawageukia watu. Hakupaza sauti hata kidogo. "Huyu bwana alinifundisha hapa hapa kwamba saa isiyo na cheti ni bati tu. Mimi nimeshika mafunzo yake. Mtoto wa kaka yangu haolewi kwa bati." Akaniambia nina mpaka Alhamisi Adhuhuri. Nikileta karatasi yenye namba ya saa ile, ndoa iko palepale. Nisipoleta, niondoe jina la Zuhura mdomoni mwangu. Safari hii hakuna aliyecheka, na ilikuwa afadhali wangecheka.

Mzee Rajabu alikaa kwenye cherehani yake akapiga mshono mmoja mrefu kabla ya kunisemesha. Akasema, "Mwanangu, umenituma kwa watu na sinia lenye tundu."

Jumanne nilirudi dukani. Nikaomba, nikabembeleza, mwisho nikafoka mpaka wateja wawili wakatoka. Nadhani ni kwa kutaka niondoke, mwenye duka akavuta mtoto wa meza akatoa kadi. Kadi safi, yenye muhuri, ya saa ya aina ile ile. Mkubwa mmoja aliinunua na hakujali karatasi. Akasema, "Namba zinatofautiana tarakimu moja tu, ya mwisho. Hii ina moja, yako ina saba. Zimeandikwa kwa udogo wa ncha ya sindano. Nani pale kwenu ana jicho la kuona?" Nikasema hakuna. Akasema, "Kuna wewe tu. Utajisemea?"

Dada, niliichukua. Sitakuficha. Niliiweka ndani ya boksi, kwenye kile kimfuko chake, ikakaa sawasawa. Jumatano nzima sikula. Nilijiambia saa ni ya kweli, kadi ni ya kweli, kosa liko wapi? Simwibii mtu. Zuhura anapata haki yake, mzee anapata karatasi yake. Nikiieleza hivyo inaeleweka. Lakini kila nikiitoa ile kadi naiona ile moja. Kazi yangu yote ni kuona kitu kama hicho.

Alhamisi nikaambiwa niende mwenyewe, mila au si mila. Tuliketi kwenye mkeka sebuleni kwao, mimi, Mzee Rajabu, Mzee Hamisi na majirani wawili wazee. Mlango wa chumba una pazia, na chini ya pazia niliona miguu ya Zuhura na ya mama yake. Mzee Hamisi akafungua boksi, akatoa kadi. Uso ukamlegea. Akaupapasa ule muhuri kwa kidole gumba, akawapa wale wazee nao waupapase. Mzee Rajabu akashusha pumzi. Nikaona yamekwisha.

Kisha Mzee Hamisi akaisogeza kadi machoni, akaipeleka mbali, akairudisha. Akasema, "Namba hizi macho yangu hayazifikii. Wewe ndiye fundi, una kioo chako. Tusomee ya kadi, halafu tusomee ya saa. Kwa sauti, wasikie na wa ndani."

Nikatoa kioo changu nikakibana jichoni. Nikasoma ya kadi, tarakimu moja moja, mpaka ile moja ya mwisho. Nikaigeuza saa. Hakuna mtu mle ndani ambaye angejua. Neno moja tu, na kesho yake ningekuwa mume wa mtu. Nikaanza kusoma. Nikafika mwisho, nikasimama.

"Endelea," akasema.

Nikasema, "Saba."

"Rudia."

"Saba, mzee. Ya kadi ni moja. Ya saa ni saba."

Nikaona ile miguu chini ya pazia inarudi nyuma hatua. Mzee Hamisi akaniuliza, "Kwa hiyo kadi si ya saa hii?" Nikasema si yake. "Ulijua?" Nikasema nilijua tangu Jumanne. Hapo nikamwambia yote, kibandiko, kifuniko, mwenye duka, vyote, na sikujitetea maana sikuwa na nguvu ya kujitetea.

Aliponisikiliza mpaka mwisho akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa miwani. Akaivaa, akachukua kadi, akachukua saa, akasoma mwenyewe, taratibu, midomo ikichezacheza. Dada, alikuwa na miwani muda wote ule.

Akaivua. Akasema, "Siku ile ulipowafanya watu wanicheke, ulisema kweli juu yangu. Nilikwenda nyumbani nikajua wewe unaweza kusema kweli juu ya wengine. Juu yako mwenyewe ndiyo nilikuwa sijakusikia."

Zuhura akasema kutoka nyuma ya pazia, "Baba mdogo, mahari ni yangu. Mimi niliomba saa, na kadi sikuomba."

Akamjibu bila kugeuka, "Mahari ni yako. Walii ni mimi." Kisha akanirudia. "Saa itabaki hapa, nimeiamini. Bado wewe. Ulikuja mji huu na begi la vifaa na hakuna mtu anayejua umetoka kwa nani. Kwenu nani anakujua?"

Nikasema, "Dada yangu. Ndiye aliyenilea."

"Mbona hakuja kunisalimia? Mbona hata barua?"

Nikamweleza ile Idi. Nimeieleza mbele ya wazee wanne na watu wawili nyuma ya pazia, kwa hiyo naweza kuieleza na kwako. Shemeji Athumani alikuwa amenunua redio kaseti, ameiweka mezani wageni waione. Mimi nikaichukua, nikatoa bisibisi mfukoni, nikaifungua katikati ya pilau, nikawaonyesha watu kwamba nusu yake ni plastiki tupu. Nikasema amepigwa, na atapigwa tena. Shemeji akainuka akatoka nyumbani kwake mwenyewe. Wewe ukaniambia, "Yahaya, una jicho la kuona ubovu wa kila kitu isipokuwa mdomo wako." Nikachukua begi. Miaka mitatu nimeyabeba maneno yale kama mtu aliyeonewa. Sikuonewa.

Mzee Hamisi akasikiliza, akasema, "Basi aje huyo dada. Aketi hapa nilipoketi, nimuulize mwenyewe. Akisema umekuwa mtu, nafungisha ndoa siku hiyo hiyo. Akikataa, chukua sinia lako uende kwa amani." Ametoa muda mpaka Ijumaa ya wiki mbili zijazo. Wazee wakasema ni haki. Nami nikasema ni haki.

Sasa umejua kwa nini naandika. Sikuombi uje kunitetea. Nakuomba uje tu. Tiketi ya kuja na kurudi Seifu ameichukua tayari, atakupa pamoja na barua hii, na pia kikapu cha zabibu, uzile mapema maana haziwezi safari mbili. Ukiona bado una uchungu, mrudishie Seifu tiketi, nitaelewa. Sitatuma mtu kukushinikiza, wala sitakulaumu mbele ya yeyote.

Zuhura amenitumia salamu kupitia Mzee Rajabu. Saa ameachiwa yeye aitunze, haruhusiwi kuivaa. Jana na leo asubuhi ameitia ufunguo na kuilinganisha na redio, saa moja kamili, na haijapoteza hata nusu dakika. Anasema ukija atakupikia mlenda wa huku, uuseme ubaya wake mwenyewe bila kumwogopa. Nadhani mtapendana.

Mwambie Shemeji Athumani shikamoo yangu ni ya magoti, na kwamba nitamwomba radhi mbele ya watu wale wale walionisikia, mmoja mmoja, hata ikichukua mwezi. Msalimie mama mkwe wako, mwambie saa yake ya ukutani ikisimama tena asimpe mtu, nitakuja. Mbusu binti yako, najua ameshakuwa mrefu na huenda amenisahau sura. Mwalimu wangu wa madrasa naye, kama yuko hai, mpe salamu.

Treni za kutoka Kigoma nitazipokea zote, kila siku inayokuja. Nitasimama upande wa mabehewa ya daraja la pili.

Na jambo moja, dada. Mzee Hamisi akikuuliza habari zangu, usinipambe. Anza na ile Idi.

Mdogo wako uliyemlea,
Yahaya